Kambale wa Papa Grégoire na Matofali Yako

Kalemie, tarehe 27 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Bertin,

Natumaini vumbi la Kolwezi bado linakuvumilia, na kwamba Joëlle ameacha kukohoa. Sisi huku tu wazima. Mama alifika na boti kutoka Moba wiki jana, akanitazama, akasema nimekonda, kisha akamaliza chakula changu. Kwa hiyo naye ni mzima.

Najua unatafuta habari ya matofali yako. Vumilia kidogo, itafika, ila itafika imelowa.

Parsele yako, kile kiwanja cha kujengea, unakumbuka, iko chini ya depo ninapofanya kazi. Maji yote ya paa na ya uwanja wa depo yanaingia katika bwawa la nyuma, yanatulia, halafu yanatoka polepole kwa bomba, na mtaro unayapeleka ziwani. Kazi yetu ni kulitunza bwawa hilo: kukata majani ya kingo, kuzoa tope, kuondoa chupa na vifuko kwenye mdomo wa bomba. Bomba likiziba, maji yanapita juu ya ukingo. Na chini ya ukingo njo yalipo matofali yako mabichi, yanangoja kuni za tanuru.

Sasa, sentineli wetu, mlinzi wa depo, Papa Grégoire, ni mtu wa ziwa, upande wa kaskazini. Watu wale huwezi kuwaonyesha maji yaliyosimama ukategemea wayaache hivyo. Alitia vitoto vya kambale bwawani, akavilisha makombo ya ugali mpaka vikanenepa, vyote kwa ajili ya harusi ya binti yake Laetitia. Ili visimtoroke, akafunga kipande cha wavu wa ndagala, wenye matundu madogo, kwenye bomba. Mkubwa wetu, chef Firmin, alipouliza, akaambiwa wavu unazuia takataka zisifike ziwani. Chef akamsifu mbele yetu sote. Siku nyingine chef akainama vizuri, akaona masharubu ya kambale majini, akaamuru wavu utolewe. Papa Grégoire akakubali kwa heshima: kesho.

Jumatano mchana mvua ikaja kabla ya kesho.

Mvua ya juu haikunitisha, matofali nilikuwa nimeyafunika na turubai. Lakini wavu ulikuwa umejaa vifuko na majani, na maji yamepanda hadi kubaki kiganja tu yafike juu ya ukingo. Nilimkuta Papa Grégoire ukingoni, anatazama bwawa, anatazama matofali. Nikamwambia ile pale chini ni nyumba ya mdogo wangu.

“Na hii njo harusi ya mutoto wangu, Mama Philo,” akasema.

 Akavua koti, akalikunja, akanipa nilishike. Akaingia hadi kifuani, akakata wavu kwa kisu.

Maji yakavutwa na bomba. Kambale wakatoka bombani kama abiria wanaoshuka boti. Mtaa mzima ukateremka mtaroni na ndoo. Jirani yako Chérubin alileta chandarua cha mbu. Chef Firmin, aliyekuja kukagua, nilimwona kwa macho yangu akimfukuza kambale mmoja ndani ya parsele yako, na viatu vyake vya biro, vile vya ofisini. Yeye na watu wa ndoo wakakanyaga yale matofali ya mwisho yaliyokuwa bado chini, hayajakauka. Mengine yote ni mazima, Bertin.

Jana tulisafisha bwawa kweli kweli. Lile tope la chini ni zuri ajabu. Papa Grégoire mwenyewe akalikanda, akafyatua matofali ya kujazia yale yaliyokanyagwa. Lile moja lenye alama ya kiatu cha chef nimelihifadhi, tutalichoma pamoja na mengine.

Habari ya harusi, nimepita nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani kwamba karamu ya Laetitia wamekwisha kula, sasa wanangojewa walete zawadi. Chérubin tayari ameahidi mbuzi, kwa uso wa muntu aliyemeza mwiba.

Ndani ya tope tulikuta kambale mmoja mdogo, mzima. Papa Grégoire alimtia katika ndoo, akafunika na kofia yake. Chef akauliza kuna nini humo.

“Maji ya mvua, Chef.”

Chef alitazama viatu vyake, akaenda zake.

Basi njoo ujenge mapema, kabla huyu wa ndoo hajakua na kutafutiwa wavu mwingine.

Nisalimie Joëlle, Jeancy na Ornella. Mama anakubariki, na anauliza kama unakula. Mungu akupe paa kabla ya mvua nyingine.

Ni mimi dada yako, anayekupenda hata ukichelewa kujibu,

Philomène