Nitamwambiaje Mume Wangu "Rudia" Mbele ya Watu?

Mpendwa Mshauri,

Sasa hivi binti yangu amechukua kiduara cha selotepu iliyokwisha, akakiweka kwenye shavu la baba yake aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, akafumba jicho moja, akachungulia ndani kama daktari wa meno, kisha akasema kwa sauti yangu kabisa, kama alivyonisikia nikimsimulia jirani, hata mguno wangu hakuuacha, "Mmh. Bluu imezidi. Rudia." Mimi nilikuwa nakunja nguo, nikacheka mpaka nikakalia nguo nilizokwisha kuzikunja, na baba yake naye akacheka, ila alicheka kidogo tu halafu akainuka akatoka kwenda uani, na hapo nikatafuta kalamu, naomba msaada wako Mshauri, maana mtoto amelisema kwa mchezo jambo ambalo mimi mtu mzima nalizungukazunguka wiki nzima.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo kidevuni, na kazi yangu ni kuandaa vitu vya kuchapwa katika kiwanda cha uchapaji, yaani mteja akileta picha zake na maneno yake, labda ni boksi la sabuni, au kalenda, au kitabu cha watoto, mimi ndiye ninayekaa kwenye kompyuta nikapanga kila kitu mahali pake, nikahakikisha picha inavuka kidogo pale kisu kitakapokata ili usibaki ukingo mweupe unachungulia kama gaguro chini ya sketi, nikaweka rangi zake sawa, ndipo kazi inashuka mtamboni. Shule sikufika mbali, nisikufiche, na pale niliingia kama mtu wa kukunja na kubandika, lakini kila nikipata upenyo nilikuwa nasimama nyuma ya dada wa kompyuta, naye alinifukuza mpaka akachoka, alipochoka akanivutia kiti. Naipenda kazi hii Mshauri. Mtambo ukianza kunguruma na karatasi zikaanza kutoka na rangi zake mbichi, mwili unanisisimka kama nimetajwa jina kwenye spika.

Sasa mtambo wenyewe anayeuendesha ni mume wangu. Kazini wanamwita Kapteni kwa jinsi anavyosimama mbele yake, mikono nyuma, kifua mbele, na ni fundi kweli, akiusikia tu unavyokohoa anajua ni karatasi imekaa vibaya au ni wino umekuwa mzito. Tulijuana kwa ugomvi, nilimshushia kazi ambayo nimesahau kugeuza ukurasa mmoja, akapanda ngazi na karatasi mkononi kuja kunisuta, akanikuta nalia, akashuka kuninunulia soda. Tangu siku hiyo ana tabia yake, kila kazi mpya karatasi ya kwanza ikitoka anakuja nayo dirishani kwangu nimtazamie kwanza, anasema eti Mzee Miwani asije akamrudisha bure.

Huyo Mzee Miwani ndiye chanzo cha yote. Pale kwetu mtambo hauruhusiwi kukimbia mpaka mtu mmoja aichukue karatasi ya kwanza, ailinganishe na ile aliyoikubali mteja, aichungulie kwa lenzi, halafu aisaini. Akikataa, mtambo unasimama, fundi anarekebisha, inatoka nyingine, mpaka yeye aridhike, na akisaini kitu kibaya basi kibaya hicho ni chake, si cha fundi wala cha mtambo. Miaka yote ni Mzee Miwani, na sasa anastaafu, na mama mwenye kiwanda ameniita ofisini akafunga mlango akaniambia anataka mimi nikae nafasi hiyo, kompyuta nitamwachia binti mwingine nimfundishe, nimjibu Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Mshauri nilitoka pale miguu haigusi sakafu. Nilifika chooni nikaruka ruka peke yangu kama mtoto aliyeahidiwa viatu.

Furaha ilinishuka nilipokumbuka ni nani atakayekuwa anangoja sahihi yangu.

Na si kwamba nabuni, maana wiki hii Mzee Miwani alikuwa ameenda kliniki, mama mwenye kiwanda akasema leo ushike wewe tuone. Kazi yenyewe ilikuwa boksi la sabuni lenye majani. Kapteni akatoa karatasi ya kwanza, mafundi wote wamesimama wanatuangalia kama harusi, nikaweka lenzi, nikaona kabisa majani yameelemea bluu, nikatamani ardhi ipasuke, nikasema kwa sauti ndogo, rudia. Akarudia. Ya pili ikaja bora kidogo lakini bado, na hapo nilitaka kusaini tu yaishe, ila mkono ulikataa Mshauri, nikasema rudia tena, na mfunga vitabu mmoja mwenye mdomo akasema, "Kapteni, kaka, kuanzia leo hata kupiga chafya utaomba kibali." Watu wakaangua kicheko. Mume wangu akainamia wino wake, ya tatu ikatoka majani yamekaa kama yametoka kuoshwa na mvua, nikasaini, mtambo ukakimbia. Lakini jioni njia nzima hakusema neno, alimbeba Kidoti kutoka kwa jirani akatangulia mbele, na tangu hapo anawahi kuondoka asubuhi kabla yangu, nami sina ujasiri wa kumuuliza anawahia nini.

Nimemuuliza mama mkwe, na mama mkwe wangu ni mtu mwema ananipenda, lakini aliweka kikombe chini akaniambia mwanangu, mume anasahihishwa chumbani, hadharani anastahiwa. Wifi yangu akasema nikatae kwa adabu, vyeo vinakuja na kuondoka. Jirani yangu yeye akasema nikikataa atakuja kuniomba hiyo lenzi asimame yeye, na hajui hata kuwasha kompyuta. Kila mmoja nikimsikiliza naona ana haki.

Kwa hiyo nimeamua nikatae. Nimeshapanga hata maneno, nitamwambia mama mwenye kiwanda kwamba Kidoti ananisumbua, bado mdogo, siwezi kuongeza majukumu, ingawa kusema kweli Kidoti hana usumbufu, anashinda kwa jirani anaimba. Baba yake sitamwambia kwamba niliitwa ofisini wala kwamba nimekataa, ili asije akajiona mdogo. Ila kila nikiyafanyia mazoezi hayo maneno mbele ya kioo nakuta machozi yananilengalenga, na mimi si mtu wa kulia lia siku hizi. Ninachoomba kwako ni unifundishe namna ya kukataa ambayo haitaniuma sana, na pia kama kuna dua au maneno ya kujifariji, kwa sababu najua nikishakataa watamleta mtu wa nje, na mimi nitakuwa nakaa juu nasikia mtambo unanguruma chini nikijua kwamba mimi ningeweza ku... subiri Mshauri, huyo baba yake ananiita uani, kumbe anapaka rangi kile kiti kidogo cha Kidoti, anasema, "Mama Kidoti, acha kuandika, njoo uitazame hii njano kabla sijamalizia miguu, maana mimi siiamini mpaka wewe

*

JIBU LA MSHAURI

Mama Kidoti,

Barua yako imenifikia imekatika mkia, na wewe ukaitia kwenye bahasha vivyo hivyo bila kuimaliza. Umefanya la maana. Ungerudi kuimalizia, ungenipamba maneno, na mimi nisingeiona hiyo sentensi ya mwisho, ambayo ni nzuri kuliko zote ulizoandika. Isome tena. Nitakungoja.

Sasa kaa nikuseme kidogo, halafu nitakubembeleza.

Umemuuliza mama mkwe. Umemuuliza wifi. Umemuuliza jirani. Umeniuliza mimi, na kupitia kwangu umeliuliza gazeti zima, mpaka wauza magazeti wanajua habari za ndani kwako. Mtu mmoja tu ndiye hujamuuliza, naye hulala upande wa pili wa mto wako. Unaikataa kazi kwa niaba yake, unamfichia, halafu unaiita heshima. Mwanangu, hiyo si heshima. Umemhukumu mwenzio kuwa ana moyo mdogo bila kumpa nafasi ya kufungua mdomo. Akija kujua baadaye, na kiwandani hakuna siri, hapo ndipo atakapojiona mdogo kweli, kwamba mkewe alimwona wa kuonewa huruma.

Na Kidoti umwache. Mtoto anashinda kwa jirani anaimba, wewe unakwenda kumsingizia ofisini? Siku akikua akajua alitumiwa kama kisingizio cha mama yake kukaa kimya, utamjibu nini?

Nimekusema. Sasa sikiliza.

Unaniambia kwa mzaha kwamba kila kazi mpya, Kapteni wako hupanda mpaka dirishani kwako na karatasi ya kwanza kabla hajaipeleka kwa mzee wa watu. Wewe unadhani anamkwepa Mzee Miwani. Mimi nasoma tofauti. Fundi anayeujua mtambo kwa kukohoa kwake hana haja ya kukwepa mtu. Anataka jicho lako. Alianza kulitaka zamani, mama mwenye kiwanda amechelewa tu kuliona.

Simjui mumeo, kwa hiyo sitakuapia. Ule ukimya wa njiani huenda ni aibu ya kicheko cha yule mfunga vitabu. Huenda ni uchovu. Huko kuwahi asubuhi huenda anakukimbia, na huenda anakwenda kuusafisha mtambo kwa sababu anajua jicho kali linashuka chini. Mimi sijui na wewe hujui. Anayejua yuko uani na burashi ya rangi.

Mama mkwe wako usimvunjie heshima, ana nusu ya ukweli. Mke hamdhalilishi mumewe mbele za watu, wala mume mkewe. Lakini majani ya bluu si mumeo. Ulisema karatasi irudiwe, hukusema mwanaume ni bure. Ukitaka kumstahi, fanya hivi: karatasi ikiwa mbaya, mwendee karibu, iweke mezani mbele yenu wote wawili, muoneshe kwa kidole, sema kwa sauti ya kazi, si ya jikoni. Ikiwa nzuri, hapo ndipo upandishe sauti watu wote wasikie. Na huyo mwenye mdomo, mpe kazi yake mwenyewe airudie, atapata cha kufanya.

Neno moja zaidi, nalo ni zito. Usije ukasaini kitu kibaya kwa sababu ya mapenzi. Kwenye ile karatasi ya pili mkono wako ulikataa, nawe umeniandikia kama unaomba radhi. Mimi nimeushangilia huo mkono. Ungesaini, ungemwambia mumeo mbele ya wote kwamba hawezi kufika mbali zaidi ya pale. Ulimngoja, akafika. Yale majani yaliyooshwa na mvua ni yake, aliyatoa yeye, na wewe ndiye uliyemwachia nafasi.

Basi fanya haya. Jioni hii, mtoto akiwa anacheza, si kitandani na si mkiwa na njaa, mwambie hivi bila mzunguko: mama ameniita, amenipa nafasi ya Mzee Miwani, naitaka, na naogopa itakuumiza. Sema naitaka kabla ya kusema naogopa, usigeuze. Kisha nyamaza. Najua ni kazi kwako, barua yako haina nukta, lakini nyamaza mpaka amalize.

Akisema inamuuma, usimkatize wala usikimbilie kukataa. Muulizeni pamoja mama mwenye kiwanda namna ya kupanga. Labda miezi ya mwanzo Mzee Miwani apite mara moja moja asimame kando yako, mpaka watu wazoee. Mpange pia nani atamchukua Kidoti siku kazi ikichelewa, maana baba naye ana mikono, tumeiona ikipaka kiti.

Na akisema chukua, usimuulize mara ya pili kama ana uhakika, wala usianze kumpa sababu za kukataa. Wanaume wa aina yake ndiyo yao huwa moja tu. Ipokee, mshukuru, na Jumatatu hiyo panda ofisini ukaijibu kwa mdomo wako mwenyewe.

Mshauri wako