Kikohozi cha Kibarazani

Jumamosi, 14 Juni 1975. Ukungu asubuhi, baridi kidogo. Jua limetoka saa nne.

Shangazi,

Nimeanza na hali ya hewa kama ninavyoanza kila siku katika shajara, maana sijui njia nyingine ya kuanza. Leo ni miezi mitatu kasoro siku nne tangu ututoke. Mwanao Enoki amekuja. Barua yangu ilichelewa kumfikia kule Kisumu, kisha karatasi za kusafiria zikamchelewesha, na mpakani wakamweka siku nzima. Alifika juzi Alhamisi. Amenenepa. Anacheka kama wewe, kwa pua.

Nina jambo la kukuambia, nawe ndiye mtu pekee anayelijua tayari.

Unakumbuka kazi ilivyohamia nyumbani. Askari walichukua orofa ya chini ya jengo letu mjini, wateja wakaogopa kuingia, na mkubwa wangu akasema hati za mizigo niwe nazipigia huku Mengo. Tuliibeba taipureta ndani ya kikapu, tukaifunika kwa ndizi, mimi nimeshika upande huu na wewe ule. Ukaninong'oneza kwamba tukisimamishwa nikuachie wewe kuzungumza, kwa kuwa hakuna askari aliyewahi kumaliza mazungumzo na bibi mzee. Siku hizo mashine ya kupiga chapa katika nyumba ya mtu ilikuwa jambo la kuulizwa, na bado ni hivyo. Jirani yeyote angeweza kusema tunatoa karatasi za kupinga serikali.

Basi tukapanga. Mimi nyuma ya pazia, wewe kibarazani kwenye kigoda chako, ukichambua mchele. Akitokea mtu tusiyemjua, unakohoa mara mbili; nami naacha, nafunika mashine kwa blanketi na kuficha karatasi.

Ofisini kengele ilikuwa ikilia saa kumi na moja. Nikishafika nyumbani nilikuwa wako mpaka kulala. Lakini huku hakukuwa na kengele. Mashine ilikaa juu ya meza ya chakula, tukahamia kula mkekani. Kisha ukawa unakula peke yako mkekani. Dereva wa ofisi alileta kazi Jumatatu, akaja tena Alhamisi, halafu akaanza kuja Jumamosi. Nilikuambia naogopa kuachishwa kazi, na ni kweli, ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa. Lakini nilikuficha jambo moja. Nilipenda. Mkubwa aliandika kwenye kijikaratasi kwamba hajaona mpigaji wa haraka kama mimi, nami nilikitia kijikaratasi kile ndani ya Biblia.

Wewe uliiita mashine "mgeni." Ulisema, "Peris, huyu mgeni wako ana miezi minane hapa na hajaosha hata kikombe." Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu nafasi za pambizo.

Kisha ukaanza kukohoa bila mtu kuja. Mara ya kwanza nilificha kila kitu, nikachungulia na kukuta umekaa na birika na vikombe viwili, unatabasamu. Ulisema, "Nimeona polisi wa chai." Mara ya pili ilikuwa viazi. Mara ya tatu hukuwa na kitu, ulitaka tu nitazame mvua ikija kutoka upande wa ziwa. Hapo nikakuambia maneno haya, nayaandika kama yalivyokuwa:

"Shangazi, ukikohoa bure tena nitakupeleka ukakae kwa jirani, kwa Nalongo. Mimi nafanya kazi, sichezi."

Uliichukua chai yangu iliyokuwa imepoa ukainywa wewe.

Tarehe kumi na nane Machi, Jumanne, saa tano asubuhi, ulikohoa mara mbili. Niliacha. Nilisikiliza. Hakuna sauti ya mtu, hakuna hodi. Nikasema moyoni, ameanza tena. Ukakohoa mara nyingine, chini chini. Nami, Shangazi, nikarudi kwenye mashine nikapiga kwa nguvu zaidi, ili usikie kwamba nimekataa.

Nilipiga kurasa mbili. Kisha nikatoka kukuomba radhi. Hapana. Sikutoka kuomba radhi. Nilitoka kwa sababu karatasi za kaboni zilikuwa zimekwisha, na nyingine zilikuwa sebuleni. Ndipo nilipoona mlangoni mchele uliomwagika. Ulikuwa umeegemea mwimo, mkono kifuani, na ulikuwa bado una joto.

Nimeifungua shajara ya siku ile. Mstari wa kwanza unasema: "Kurasa kumi na nne kabla ya saa sita." Kifo chako ni mstari wa pili.

Wakati wa matanga Nalongo, jirani yetu, alinishika mkono mbele ya kina mama wote wa kanisani. Alisema, "Wewe iko na bahati, Peris. Wengine wazee wao nakufa peke yao, watoto iko mjini. Wewe ulikuwa hapa hapa na yeye." Kina mama wakaitikia. Niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikapokea sifa ile, na kila aliyekuja baadaye aliniongezea.

Kwa hiyo Enoki alipofika juzi, akaketi, akaniuliza mama yake alisema nini mwisho, nilikuwa nimeshazoea. Nilimwambia ulilala mikononi mwangu na kulitaja jina lake. Alilia mpaka akashindwa kuvua viatu. Alinishukuru, mtu ambaye hajakuona kwa miaka minne. Jana alirudia maneno yale kwa mchungaji, tena kwa sauti ya furaha, nami nilikuwa nimesimama pale na sinia la vikombe.

Leo baada ya uji nimemwambia ukweli. Nilimwambia yote, hata kaboni. Alikisukuma kikombe chake kando. Kisha akauliza, "Kwa hiyo jina langu hakulitaja."

Nilimwambia, "Sijui. Kama alilitaja, mimi nilikuwa napiga chapa."

Aliinuka akaenda kukaa kwenye kigoda chako, mgongo kwangu. Nilidhani ataondoka mchana huu huu. Badala yake akaniambia bila kugeuka, "Basi nipe mengine. Miezi yote hiyo alishinda hapa na wewe. Alikuwa akisema nini?"

Hapo ndipo nilipoona aibu kuliko siku ya kifo chako. Niliingia ndani nikachukua shajara. Nilipekua toka Julai. Mvua. Jua. Kurasa tisa. Kurasa kumi na moja. Ukungu. Kazi ya haraka, nimelala saa nane. Mimi ninayeandika kila siku, sikuwa nimeandika neno lako hata moja.

Nilimpa la mgeni na kikombe, kwa kuwa hilo sikuhitaji kulisoma popote. Alicheka kwa pua, kisha akafuta macho. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Alisema anaondoka kesho na basi la asubuhi, na angependa nimwandikie lolote ninalolikumbuka, awapelekee watoto wake.

Dereva alikuja saa sita na bahasha ya kazi. Nilimwambia airudishe, na Jumatatu aje achukue mashine. Nitakwenda kupiga mjini, askari wawepo wasiwepo, na mkubwa akikataa nitatafuta kazi nyingine. Alinishangaa. Nikaketi kwenye meza, nikaandika kwa mkono mpaka jioni. Umepata ukurasa mmoja na nusu, Shangazi. Ndiyo yote niliyoweza kukusanya: polisi wa chai, mvua ya ziwani, jinsi ulivyoulaumu mchele wa dukani kwa mawe yake kana kwamba mwenye duka anasikia.

Kesho baada ya kumsindikiza Enoki nitakwenda kwa Nalongo kabla ya ibada, na nitamwambia nilikuwa wapi. Atawaambia wengine, hilo halinihitaji mimi. Naahidi pia kwamba yeyote atakayeishi nami baada yako akiniita, nitakwenda, hata kama ananiita kuangalia mvua.

Pumzika, mama yangu wa pili. Sikustahili chai yako.

Enoki ameshalala. Nazima taa saa tatu na robo.

Peris