Mwendo wa Yaya Riziki

Jumatatu, 2 Novemba 1964

Kama si mimi, Uvira hii isingejua kwamba picha inaweza kutembea. Niandike wazi, maana watu ni wasahaulifu. Wakati wa Wabelgiji mashine ya sinema ya mapadri haikuwaka nisipokuwepo. Tuliizungusha Kiringye, Runingu, mpaka juu Rurambo, ng'ombe wenyewe wakaacha majani wakatazama. Sawa, kazi yangu ilikuwa kubeba bido, dumu la mafuta. Bila mafuta mashine inawaka? Na ni mimi niliyechungulia ule utepe, nikaona picha ndogondogo, kila moja mguu umesogea kidogo tu. Nikasema, hii naiweza. Darasa la nne tu, lakini niliiweza.

Asubuhi kama kila asubuhi. Nimechonga ncha ya kreyo. Nimekaa barazani na kaye, daftari la shule. Picha ishirini na nne, kona ya chini, karatasi moja picha moja. Unakunja kwa kidole gumba, unaachia, prrr, mtu anatembea. Leo nimechora askari aliyevaa buti za mtu mwingine. Buti zinatangulia, mwenyewe anafuata. Mama Sofia wa jirani amecheka mpaka amemwaga ndagala zake, samaki wote chini.

Feza hakucheka. Ni mwipwa wangu, binti wa marehemu yaya Riziki, dada yangu mkubwa. Anakaa kwangu na mtoto wake mchanga tangu tushuke kutoka milimani tulikokimbilia vita. Aliweka ungo chini.

"Mjomba, unichoree mama."

Picha ya yaya haiko hata moja. Nyumba yake iliungua na kila kitu. Mtoto huyu amepewa jina la nyanya yake na hatamwona hata kwenye karatasi. Nimejibu: siku tatu.

Siku tatu nyingi. Moja ingetosha.

Jumatano, 4 Novemba

Watu wanafikiri mwendo ni miguu. Wajinga. Mwendo ni uzito. Kisigino kinafika, mwili unazama, mguu unapita mwenzake, mwili unapanda. Hayo manne. Halafu unauliza: uzito wa huyu mtu unakaa wapi? Pastere, uko tumboni. Mchungaji wa Rurambo, uko kwenye fimbo aliyolaza mabegani, miguu inaning'inia tu chini yake. Mlevi hana mahali, ndiyo maana ni rahisi.

Nimemchora yaya kama siku ya harusi ya Feza. Kikwembe kipya kiunoni, mikono inapepea, kichwa kinapanda na kushuka. Mzuri. Nimemaliza kabla ya mboga ya sombe kuiva. Ningekuwa Ulaya ningekuwa na nyumba ya ghorofa.

Ijumaa, 6 Novemba

Feza ameachia kurasa. Mara moja. Mara ya pili polepole.

"Huyu haiko mama."

"Iko nani basi?"

"Iko muke ya pastere anaenda kupokea zawadi."

Mama Sofia akacheka. Mimi pia nikacheka, kwa mdomo. Feza akanirudishia kaye kwa mikono miwili, kwa heshima, ndipo ikaniuma zaidi.

Nimesema kreyo ni mbaya. Nimesema kaye za siku hizi, tangu uhuru, karatasi ni nzito haziruki vizuri. Nitachora tena kesho.

Jumamosi, 7 Novemba

Nimechora mara nne. Ya kwanza ni Mama Sofia. Ya pili ni Mama Sofia aliyekonda. Ya tatu na ya nne sijui ni nani, wanawake wa hewani.

Mchana wageni wamekuja kutoa pole, wazee wawili wa Runingu. Nikawasimulia tulivyokimbia. Nilisimulia vizuri. Masasi ya bunduki kama mvua kwenye mabati. Mimi nyuma kabisa na panga, nawalinda. Sanduku langu la kaye kwenye mkono mmoja, mtoto wa Feza kwenye mwingine. Mara mbili nilirudi kumtafuta yaya. Askari kumi walinikimbiza, wakanipoteza kwenye matete.

"Kumi?" mzee mmoja akauliza.

"Huenda kumi na wawili. Sikuwa na nafasi ya kuwapanga mustari."

Feza alikuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone. Wageni walipoondoka akaokota vikombe, akasema bila kunitazama:

"Mjomba, umuchore na sanduku."

Akaingia ndani.

Jumatatu, 9 Novemba

Sijamsemesha Feza siku mbili. Hasira. Anakula kwangu.

Hasira si yake.

Basi niandike, kaye hii haina mdomo. Tulitoka hapa Uvira alfajiri kwa njia ya bonde. Mimi mbele. Feza na mtoto nyuma yangu. Yaya wa mwisho, na sanduku langu kichwani. Unga ulikuwa kwenye kifurushi, aliufunga kiunoni. Mimi nilishika panga. Panga ni jepesi. Mwanaume anatangulia afungue njia, mwanamke anafuata na mizigo, ndivyo baba alivyotembea, ndivyo kila mwanaume hapa anavyotembea. Hakuna aliyeona vibaya. Yeye mwenyewe alinituma: "Enda mbele, Kashindi, weye iko na macho."

Mto wa Runingu ulikuwa umejaa. Tulivuka. Masasi yakaanza nyuma. Tukapanda mlima bila kusimama. Juu kabisa ndipo nikageuka. Feza alikuwepo. Nyuma ya Feza njia tu.

Sikurudi. Si mara mbili, hata mara moja.

Watu wa pale walimzika kando ya mto. Sanduku walilileta wao, baada ya majuma matatu, na kufuli lake. Kaye zote ndani. Hakuna hata moja iliyolowa.

Jumanne, 10 Novemba

Nimejua kwa nini mkono unakataa.

Najua mwendo wa karani wa ofisi ya teritwari. Najua wa kichaa wa sokoni. Najua mbwa watatu wa mtaa huu. Dada yangu nimetembea naye tangu nina miaka mitano, shambani, kanisani, ziwani, msibani, na simjui. Alikuwa nyuma. Siku zote nyuma. Nilisikia kandambili zake. Sikuona.

Alhamisi, 12 Novemba

Asubuhi nimemfuata Feza akienda kuchota maji ziwani. Mbali kidogo, nyuma ya matete. Mara yangu ya kwanza kutembea nyuma ya mwanamke. Nimeona mengi. Kichwa hakipandi wala hakishuki, hapo ndipo nilipokosea. Kichwa kinaelea. Kila kinachozama kinazama kwenye kiuno. Mkono mmoja tu unapepea, mwingine umelala.

Wanawake wa ziwani wakaniona.

"Mzee Kashindi! Umepoteza nini mu matete?"

"Anatafuta muke!"

"Kwa ule umri? Atafute fimbo!"

Feza hakugeuka. Alijua ni mimi, nadhani.

Nimechora. Bado si yaya. Feza ana miaka ishirini na mbili, na maji si sanduku. Maji yanacheza, unacheza nayo. Kitu kigumu hakikubembelezi. Sasa kinafanya nini kwa mtu? Sijui. Mimi bingwa wa uzito.

Ijumaa, 13 Novemba

Shingo inauma. Nimemwambia Feza ni upepo wa ziwa. Amenikanda kwa mafuta ya mawese.

Nimechora mchana kutwa. Sikula.

Jumamosi, 14 Novemba

Nimempa kaye baada ya chai. Sikukaa naye. Nilijifanya natengeneza kinga, ile baiskeli yangu isiyo hata na mnyororo.

Nilisikia prrr. Prrr. Polepole. Tena.

Nilipogeuka alikuwa amemweka mtoto mapajani na anamwachilia kurasa mbele ya uso. Mtoto anataka kuzila. Feza machozi yanashuka, hayafuti.

"Iko yeye," akasema. "Ile kusimama kidogo. Kila hatua tano anasimama kidogo, anavuta pumzi, anaenda. Minye nilikuwa nageuka kumungojea, anasema enda, enda. Uliona wapi, mjomba? Weye ulikuwa mbele."

"Mimi naona hata kwa kisogo," nikasema.

Jumapili, 15 Novemba

Mvua kidogo. Sikwenda misa. Feza amekwenda na mtoto, na kaye ndani ya kikwembe, juu ya kifua.

Nyumba kimya. Ziwa kimya. Hata Mama Sofia.

Ile kusimama kidogo sikuiona popote. Ijumaa Feza alipokuwa sokoni nilijaza sanduku kaye zote, kama siku ile, nikafunga kufuli. Nikaliweka kichwani. Nilitaka kwenda mpaka kona ya misioni na kurudi. Ni karibu, mtu anaweza kutupa jiwe. Mwanzoni nilitembea kama chifu. Hatua ya tano nikasimama. Shingo yenyewe ilisimama, si mimi. Nikavuta pumzi. Tano nyingine. Kona sikuifikia. Nililitua kwa mama muuza chumvi, nikamlipa mtoto wake alirudishe.

Yaya alilibeba kutoka hapa mpaka mtoni.

Miaka yote, kila akiuliza kuna nini humo ndani, nilimjibu ni makaratasi tu, ni jepesi.

Ni zito.