Maelezo ya Akiba Kuhusu Ngozi ya Mkono Iliyokatwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada, ukumbini huitwa Akiba
Umri: miaka 21
Kazi: mpokea wageni, kliniki ya meno, mchezaji wa jimnastiki
Makazi: kwa dada yake mkubwa, nyumba za kupanga nyuma ya soko kuu
Amefika kituoni kwa hiari yake, Jumapili tarehe 15, saa mbili asubuhi.

Kabla ya yote, afande, naomba uandike kwamba namwonea wivu Unyoya. Andika hivyo hivyo. Ukumbi mzima unajua, na nikikaa kimya kuhusu hilo wataniumbua nalo baadaye. Unyoya ni mwenzangu katika timu, ana miaka kumi na minane, na jina hilo alipewa na kocha siku ya kwanza alipomwona anavyotua. Mimi kocha huyo huyo alinipa jina la Akiba.

Timu yetu ina wasichana watano. Kwenye kila kifaa wanapanda wanne, na alama tatu za juu ndizo zinazohesabiwa. Huyo wa nne ni kinga endapo mwenzake ataanguka. Wa tano anabeba chupa za maji. Kwenye mihimili, ile miwili ya kuning'inia, mmoja juu na mmoja chini, wa nne nilikuwa mimi mpaka mwaka jana Unyoya alipohamia kwetu. Tangu hapo nabeba chupa. Mzunguko ulionichubua viganja mwaka mzima yeye aliushika ndani ya wiki mbili, halafu akaja kuniuliza, "Dada, ndivyo hivi?" Ananiita dada kwa adabu kabisa. Hilo nalo linaniudhi.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 tulikuwa na mashindano ya vilabu. Kamati inayochagua timu ya taifa ilikuwa imekaa mstari wa mbele, na baba yake Unyoya alikuwa amekaa nyuma yao, akiwaeleza mambo ambayo hawakumuuliza.

Saa tatu na nusu asubuhi niliingia chumba cha kubadilishia nguo. Nilikuwa kwenye kijichumba cha mwisho, ambacho pazia lake halifungi vizuri, Unyoya alipoingia na kukaa kwenye benchi. Alidhani yuko peke yake. Alijaribu kufungua chupa ya maji kwa mkono wa kulia, akashindwa, akaifungua kwa meno. Kisha akatoa ngozi zake za mikono. Hizi ni ngozi tunazovaa viganjani ili tusiteleze, na hufungwa kifundoni kwa mkanda. Akachukua mkasi wa plasta uliokuwa pale benchini, akaukata mkanda wa ngozi ya kulia hadi katikati. Nilidhani anapunguza mkanda uliozidi, maana sisi hufanya hivyo. Alipomaliza alibaki ameukumbatia ule mkono, kichwa kimeinama. Nami, afande, wazo lililonijia ni kwamba hata akijikunyata hivyo shingo yake inapendeza. Basi ujue nilikuwa na hali gani.

Saa nne na robo, wakati wa kupasha mwili chini ya mihimili, Unyoya alipiga kelele, "Kocha, mkanda umekatwa!" Kila mtu alielewa uzito wake. Mkanda ukikatika ukiwa unazunguka mhimili wa juu, unarushwa, na unaweza kuangukia shingo. Kuazima ngozi za mwenzako hakuwezekani, kwa sababu ngozi hujifinyanga kwa mkono wa mwenyewe kwa wiki nyingi. Isiyokutosha hujikunja na kukukaba mkono huku mwili unaendelea kuzunguka. Kwa hiyo asingeweza kupanda, na hakuna ambaye angemlaumu.

Baba yake alishuka jukwaani kwa kuruka viti. Alimwendea moja kwa moja mzee wa vifaa, ambaye sisi sote tunamwita Mjomba. Mjomba ndiye hufunga na kukaza mihimili, ndiye mwenye ule mkasi, na asubuhi hiyo alikuwa amemfukuza huyo baba kwenye mikeka kwa kosa la kuikanyaga na viatu. Baba akasema, "Huyu ndiye aliyetaka kumuua mwanangu!" Mjomba akajibu, "Mimi? Mtoto ninayemfungia mihimili kila siku?" Askari wa zamu ukumbini akamchukua.

Nilimfuata kocha, nikamwambia, "Kocha, amekata mwenyewe. Nimemwona." Hakunitazama hata usoni. Akasema, "Leo ndiyo umepata la kusema? Wivu wako utakuua, wewe. Kavae ngozi zako, unapanda wa nne."

Nikaenda kuvaa. Nakwambia ukweli, afande, nilifunga mikanda yangu kwa furaha.

Kwetu, kabla mtu hajapanda, mwenzake humwandalia mhimili: anaupaka asali kidogo, kisha chaki, ili ushike. Asali ikizidi unanata, chaki ikizidi unateleza. Nilipogeuka nilimkuta Unyoya anaupaka mhimili wangu kwa mkono wa kushoto, polepole, kila mahali ninaposhika mimi. Yeye hushikia kwingine. Nilipanda, sikuanguka. Alama zangu zilihesabiwa na timu ikawa ya pili.

Saa kumi na mbili jioni nilimfuata kwao, tukaongea nje ya geti. Nikamwambia, "Mjomba yuko ndani kwa ajili yako." Akaanza kulia. Alisema, "Mkono una wiki tatu unauma, dada. Kocha kaniambia nifunge plasta. Baba kaniambia kamati haiji mara mbili. Sikujua watamkamata mtu." Mkono ulikuwa umevimba kama andazi. Nikamuuliza kwa nini hakupanda tu akajiangusha kidogo, kama wengi wanavyofanya. Akasema, "Tungepoteza medali. Nilijua ukipanda wewe tutashinda."

Nilitamani kumzaba kofi. Mwaka mzima nimeingojea nafasi ile, nikijiambia siku nikiipata itakuwa yangu. Kumbe hata hiyo alinigawia yeye, akaifuta vumbi na kunipakia asali. Na alichosema kuhusu mimi hakuna mtu mwingine aliyewahi kukisema.

Naomba Mjomba aachiwe leo. Naomba pia mtu mzima yeyote ampeleke Unyoya akapigwe picha ya mfupa, na asiwe kocha.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, ni yangu, sikulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nilimshauri shahidi tuondoe sehemu zinazohusu wivu kwa kuwa zinaweza kudhoofisha ushahidi wake. Alikataa. Alipofungua mlango, kwenye benchi la nje alikuwepo msichana mwenye mkono wa kulia uliofungwa kitambaa, ambaye shahidi alisema amekuja naye. Msichana aliuliza, "Dada, umenisema vibaya?" Shahidi alijibu, "Nimejisema vibaya mimi. Wewe ingia useme yako." Msichana ameingia. Maelezo yake yanaanza ukurasa unaofuata.