Yaya, Ukungu Ule Ulikuwa Wako

Yaya Ramazani, kaka yangu mkubwa,

Tangu tukuzike Nyangwe nimenyamaza, nawe wajua kunyamaza si tabia yangu. Juma hili nimesoma gazeti la kampuni. Wanamsifu injinia wa mgodi wetu wa Kabambare kwa kubuni manyunyu yanayopoza mashine ya umeme. Uongo mtupu! Mimi, karani wa mgodi siku zile, nilikuwepo.

Unakumbuka kiangazi kile? Kila adhuhuri mashine ilichemka ikazima, pampu zikasimama, maji yakajaa shimoni, kazi ikalala, na wachimbaji wakachapwa fimbo kana kwamba wao ndio waliowasha jua. Wewe, fundi wa mashine, ukatoboa bomba matundu membamba kama ya sindano, ukalitundika mbele ya rejeta ya kupoza mashine, pale feni inapovuta hewa. Maji yakatoka kama ukungu. Ukaniita.

"Karani, acha kalamu. Weka mukono hapa."

"Iko baridi! Umetoa barafu wapi?"

"Barafu gani? Maji inakauka, inaondoka na joto. Mama anafunga mutungi na kitambaa ya maji, ulizani ni urembo?"

Siku ile mashine haikuzima. Hakuna aliyechapwa.

Injinia akaandika ripoti kwa jina lake. Kisha masika yakaingia, hewa ikajaa unyevu, na mashine ikaanza kuchemka tena. "Ongeza maji!" akafoka. Ukamjibu, "Bwana, hewa imeshiba, haiwezi kunywa tena. Tupunguze kazi ya mashine." Akaongeza maji. Mashine ikazima, ukafukuzwa wewe.

Nawauliza wanaomsifu: mtu gani hushindwa kuelewa kitu alichokibuni mwenyewe?

Lakini nami nina aibu yangu, na leo naisema hadharani. Ripoti ile niliipiga taipu mimi. Nililiona jina lake mahali pa jina lako, vidole vikaendelea. Ukanifariji wewe, badala ya kunitukana: "Uko na watoto, mudogo yangu. Piga tu."

Watoto wale sasa ni watu wazima. Sina tena pa kujificha. Barua hii naipeleka kwa gazeti lile lile. Wakiikataa, nitaisoma sokoni Kasongo, polisi waje wasikilize. Rafiki zangu wananishauri nisitie jina. Nilikwisha kuacha jina moja nje ya karatasi. Siachi la pili.

Pumzika, fundi.

Mdogo wako,
Saidi, karani aliyeipiga ripoti ile