Unga wa Wimbi Aliobeba Vincent

Al-Baghdadiyah,
Jeddah.
9 Februari 2025

Mpendwa dada Keziah,

Pokea salamu zangu kwanza, kabla hasira haijafika vidoleni. Mkono unaendeleaje? Nilisikia kwamba siku ya maandamano yenu ya kudai dawa, rungu lilikuvunja mfupa karibu na kiwiko. Na Celestine mwanao, kifafa bado kinamtupa chini, au yale mafuta yamekituliza? Mimi ni mzima, ila nimepungukiwa na meno mawili. Sababu utaisoma.

Mafuta ya bangi uliyomtumia dada yangu Winfred hayakufika. Uliifukia chupa ndani ya unga wa wimbi, ukampa Vincent alipokuwa akirudi kutoka likizo. Unaijua desturi yetu: anayetoka nyumbani hubeba mizigo ya wote, na mzigo wa mtu haufunguliwi, maana kuufungua ni kumwita mwenzako mwizi. Vincent akaubeba hivyo hivyo. Uwanja wa ndege mfuko ulipasuliwa kwa kisu, chupa ikadondoka, naye akaangushwa kifudifudi kwenye unga wenyewe. Huku bangi haina cha dawa wala cha starehe. Kwa kuiingiza mtu anaweza kukatwa kichwa, na sisemi kwa mafumbo.

Huruma yako siilaumu. Tangu madam wake ampigize Winfred kichwa ukutani kwa sababu ya wali ulioungua, kifafa hakimpi nafasi. Alitoroka, anaishi kwa Charity, msichana wa kwetu Nyamira. Juzi alianguka akiosha vyombo, akajing'ata ulimi, damu ikajaa beseni. Vidonge vya hospitali vimeshindwa. Kwa hiyo nikisikia unapigania sheria, wagonjwa wapewe mafuta hayo na daktari bila kujificha, nasema pigana. Lakini kupigania sheria ni jambo moja, na kumtwika kifo mtu asiyejua ni jingine.

Sasa meno. Bonface, kakake Vincent, alinifuata Malaz, kule Riyadh ninakomwendeshea bosi gari. Alikuja na spana ya magurudumu.

"Mmemuuza bro yangu juu ya bangi yenu!" akapiga kelele, na spana ikatua mdomoni.

Nilimrudishia, nisikudanganye. Nilimkaba mpaka macho yakamtoka. Halafu nguvu zikatuishia wote wawili, tukakaa kando ya barabara tukilia kama watoto. Nikaomba ruhusa kwa bosi, nikapanda basi kuja Jeddah.

Huku nimekuta vita vingine. Winfred anataka kujipeleka polisi, aseme mzigo ni wake na alijua kilichomo, jambo ambalo ni uongo. Hana hata ikama, kile kibali cha kuishi huku; anayo kafili, mwajiri aliyemtoroka. Charity amemfungia mlango na kuificha abaya yake, lile joho la kutokea nje. Mimi mwanamume nakaa kwenye ngazi, namsikia akiupiga mlango mateke.

"Nifungulie, Charity! Vincent achinjwe juu yangu na mimi nimelala tu hapa?"

Charity ana alama za kucha usoni kote. Jana mateke yalikoma ghafla, tukajua ameanguka. Tulipofungua, paji la uso lilikuwa limepasuka.

Keziah, chupa uliifukia wewe. Wakili wa Vincent anataka kiapo chako, utakachoapa mbele ya wakili huko, kwamba Vincent hakujua lolote. Najua gharama yake. Waliokuvunja mkono watasema kina mama wa dawa ni wauza bangi, na huenda ukafungwa, ombi lenu bungeni likatupwa. Nimeyawaza hayo yote kwenye ngazi hizi, na bado nakuomba uape. Ukikataa, sijui nitakuitaje. Mlango wa Charity ni wa mbao tu, na umeshaanza kulegea bawaba.

Nisalimie mjomba, na shemeji Robinson, na umbusu Celestine mara mbili, moja ya Winfred. Mungu akulinde, akupe na ujasiri.

Barua hii anakuletea Susan, anayekuja likizo. Nilimpa ikiwa imefungwa. Akachana bahasha mbele yangu, akaisoma mpaka mwisho, ndipo akakubali kuibeba, akanirudishia niongeze mistari hii. Sikumlaumu.

Wako akupendaye hata sasa,

Justus