Tabaka la Kati

Barberton, Ohio
9 Machi

Mwanangu Roslyn,

Hujambo huko Madison? Theluji imepungua? Mimi hali yangu ni hivi hivi tu. Naandika kwa sababu simu siisikii. Masikio niliyaacha kwenye mashine za kiwanda cha matairi.

Kile kidonda cha sukari kisiginoni kimeingia ndani. Daktari anataka kuukata mguu chini ya goti. Nikamwambia, "Anza na wako." Wauguzi walicheka, yeye hakucheka.

Krismasi ulinionyesha picha ya ule utando mnaoufuma kwa umeme huko maabara kwenu, wa kuponya vidonda. Nitumie kipande. Nitakibandika mwenyewe, hakuna atakayejua.

Baba

Madison, Wisconsin
14 Machi

Baba yangu,

Salamu na pole nyingi. Mimi mzima.

Siwezi kukutumia. Nisikilize kabla hujakasirika. Umeme unavuta uji wa plastiki kutoka kwenye sindano, unakuwa nyuzi nyembamba kuliko za buibui, nasi tunazilaza tabaka juu ya tabaka. Kwenye la chini nyama mpya inajishikiza na kuota. La juu linazuia uchafu. La kati limebeba dawa, ambayo inatakiwa itoke kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Sasa hivi inamwagika yote kwa mkupuo. Vidonda vya panya wetu vilifunga, lakini figo zao ziliharibika, wakafa. Na figo zako unazijua zilivyo.

Mkubalie daktari, nakuomba.

Binti yako,
Roz

Barberton
20 Machi

Roslyn,

Nipo. Sikuomba somo, niliomba kitambaa. Mama yako angekuwa hai, angekunyang'anya akaniletea mwenyewe. Mimi si panya. Figo ni zangu, mguu ni wangu.

Usipotuma, usije.

Baba

Madison
2 Aprili

Baba,

Sijui hata kama unasoma. Jirani yako Bi. Pavlik amenipigia: homa imekupanda, na bado unamfukuza daktari.

Jana nilikata kipande, nikakitia kwenye bahasha, nikaandika anwani yako. Nikakaa kwenye gari nje ya posta, bahasha mapajani, mpaka wakafunga. Kisha nikakirudisha maabara.

Nichukie, Baba, lakini uwe hai wa kunichukia. Kesho naanza safari, utake usitake.

Roz

Madison
11 Oktoba

Baba mpendwa,

Goti linaendeleaje? Mguu wa bandia umeuzoea, au bado unaugombeza? Tangu Aprili, nilipokaa kando ya kitanda chako hospitalini baada ya mguu kukatwa, nawe umegeukia ukuta, hujanitamkia neno. Lakini hili sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Tumefaulu. Badala ya kuichanganya dawa na ule uji, tumeifungia katikati ya kila uzi, na sasa inatoka taratibu. Vidonda vya nguruwe wetu vimefunga, figo zao salama. Mwakani tunaanza na watu.

Najua utakachouliza. Kama kitambaa hiki kipya kingekuwepo Machi, huenda leo ungekuwa na mguu wako. Kile kilichokuwepo Machi kingekuua. Yote mawili ni kweli, na sijui niyabebeje.

Roz

Barberton
30 Oktoba

Roz mwanangu,

Hujambo? Mimi natembea, vibaya, lakini natembea. Barua yako niliisoma, nikaitupa, nikaiokota. Mguu niliulilia, sikufichi.

Nilikuwa nasubiri uniambie kwamba hata hicho kipya kisingenifaa kitu. Ungenidanganya, ningejua, tungekuwa tumemalizana. Hukunidanganya.

Kidole cha mguu uliobaki kimeanza kuchubuka. Usishtuke, daktari ameshakiona, safari hii nilikwenda mwenyewe. Mkianza na watu, waulize kama wanapokea wazee wabishi. Nipange foleni kama wengine. Usinipitishe mlango wa nyuma.

Sikukuu ya Shukrani, mwezi ujao, njoo. Nitanunua kuku wa kukaanga na ule wali wa pilipili wa hapa kwetu. Utakapobisha hodi, nitachukua muda kufika mlangoni, na utasikia vishindo. Usiingie kunisaidia. Nisubiri hapo nje, nikufungulie.

Baba